Saa ya Bandia na Ngozi ya Mbuzi

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno. Katika miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ilipopigana na wapiganaji wa msituni, tuliondolewa kwenye nyumba zetu karibu na msitu, upande wa Kianjokoma, tukakusanywa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki na chenye lango moja tu. Babu yako alikuwa amechukuliwa kizuizini, na watoto walinitazama mimi. Sisi wanawake tulifunguliwa lango asubuhi twende mashambani, na saa sita ilipofika tulipaswa kuwa tumerudi ndani. Aliyechelewa alipewa jembe la kuchimba handaki siku zilizofuata, na shamba lake likabaki halina mtu.

Wakati wa jua amri hiyo haikunisumbua, kwa maana kivuli changu kilinitosha. Lakini mwezi wa saba huku kwetu ni wa ukungu, na mtu hushinda kutwa asijue jua limejificha wapi. Maharagwe yangu yalikuwa yamekauka mashinani, manyunyu yakiyalowesha kila siku. Nikachelewa. Nikachimba handaki huku nikijua kwamba chakula cha watoto kinaota ndani ya maganda. Ndipo nilipotambua kwamba homgadi, yule askari aliyelinda lango, hakutazama mbingu hata mara moja. Alitazama saa iliyofungwa mkononi. Nikasema, basi na mimi nitatafuta yangu.

Niliomba kibali, nikashuka Embu mjini na mbuzi mmoja aliyenibakia. Palikuwa na mzee mmoja Mwislamu, muuza nyama, ambaye nyuma ya duka aliweka vitambaa, vioo, na saa ndani ya kopo. Alimpapasa mbuzi wangu mgongo, akamshika kiuno, akamfungua mdomo akatazama meno. Aliporidhika akaniletea saa. Iling'aa. Juu ya uso wake palikuwa na taji, na chini ya taji visaa vitatu vidogo, kila kimoja na mikono yake.

"Hii ni saa ya wakubwa, mama. Hata yule Mzungu mkuu wa wilaya, Bwana Shauri, anayo kama hii. Dhahabu, wallahi."

"Na hivi visaa vidogo vinapima nini?"

"Vinapima... mambo ya Wazungu."

"Mbona havitembei?"

"Vinatembea polepole sana."

Nikamwambia, "Mzee, wewe umemfungua mbuzi wangu mdomo. Sasa nifungulie saa yako."

Waliokuwa wakingoja nyama wakacheka. "Mfungulie, mzee! Au haina meno?"

Akasema saa haifunguliwi ovyo, itaingia vumbi. Nikashika kamba ya mbuzi wangu. Hapo akachukua kisu, akakifuta damu, akabandua kifuniko cha nyuma.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Magurudumu yenye meno yalisukumana, dogo likisukuma kubwa, na katikati palikuwa na waya mwembamba kama unywele, uliojikunja na kujikunjua kama kifua cha kifaranga kinapopumua. Nilitazama hadi mzee akachoka kuishika. Nikamwuliza ni gurudumu lipi linaloendesha vile visaa vitatu.

Akashusha kisu. "Vimechorwa tu, mama."

"Na dhahabu?"

"Imepakwa. Kusema kweli, ni saa ya kuigiza. Lakini inatembea."

"Kutembea ndiko ninakokutaka. Lakini kama ngozi ya saa yako ni ya uongo, ngozi ya mbuzi wangu haiuzwi. Mchinje, unipe ngozi yangu."

"Saa na ngozi! Jamani, mama huyu atanifilisi!"

"Ungesema kweli tangu mwanzo, ngozi ingekuwa yako."

Alicheka, akachinja. Kisha akailinganisha saa na ile ya ukutani kwake, akanionyesha jinsi ya kuijaza kwa kuzungusha kifundo chake cha pembeni. Hesabu sikuijua. Nilishika jambo moja tu: mikono miwili ikikutana juu kabisa, nisiwe nje.

Sikuificha, kwa sababu kilichofichwa ndicho kilichotafutwa siku zile. Wenzangu waliniita mke wa karani, lakini siku ya ukungu mzito hawakutoka ubavuni mwangu. Mikono ilipokaribiana tukabeba mizigo yetu, tukarudi. Homgadi, kijana wa kwetu, tulimkuta amekwisha kushika lango alifunge.

"Mmechelewa. Kesho nyote handakini."

"Hatujachelewa, mwanangu. Mikono haijakutana." Nikamwonyesha.

Alinishika kifundo cha mkono, akaangua kicheko. "Hii? Mama, umeuziwa bati! Tazama, hata visaa vyake vimechorwa."

"Najua vimechorwa. Na vyako?"

Nikausogeza mkono wangu karibu na wake. Taji lilikuwa lile lile, limepinda upande ule ule, na visaa vitatu vikielekeza vimikono vyao mahali pamoja. Ni mikono mikubwa tu iliyokosana: yake ilikuwa imekwisha kupitana, yangu bado. Wenzangu wakasogea watazame.

"Ni mapacha!" akasema mmoja.

"Mapacha waliogombana," akajibu mwingine.

"Yangu ni dhahabu," kijana akasema kwa sauti ndogo.

"Basi tungoje Bwana Shauri apite, tuziweke zote tatu pamoja. Hata mimi ningependa kujua."

Sikusema hivyo ili kumtisha. Nilitaka kujua kweli, na mpaka leo sijui ni ipi kati ya zile mbili iliyokuwa sawa. Lakini yeye alitazama barabara, akavuta mkono wa koti ukaifunika saa yake.

"Ingieni," akasema. "Ingieni upesi."

Kesho yake sikupewa jembe la handaki. Nilikwenda shambani kungali na umande. Maganda ya chini yalikuwa yamechipua vidole vyeupe, ila ya juu yalikuwa mazima bado. Nikayang'oa maharagwe na mizizi yake, nikayafunga mgongoni, nikayapandisha darini juu ya moto yakauke.