Mazoezi ya Bibi Mlimani

Mwaka mmoja nikiwa mtoto tulikula ming'oko, vile viazi vya porini, asubuhi na jioni, maana mahindi yote ya kijiji chetu cha Ruponda waliyamaliza nguruwe. Juzi nimewaona vijana wanapanda mlima na vibegi vidogo, ati mazoezi, nikamkumbuka bibi yangu.

Mwaka ule wa ming'oko, mvua zikielekea kwisha, bibi alitupandisha mlimani mimi na mdogo wangu na kifurushi cha unga tu, midomo kimya. "Vita ikirudi mtakimbilia huku," alisema. Mimi nilidhani ni mchezo. Siku hiyo nilikuwa nimembeba mdogo wangu Saidi, mgongo wote unanuka mkojo wake.

Tulipofika kwenye jiwe kubwa, Saidi akaanza kulia. Bibi akageuka.

"Mlaze hapo, twende."

"Nimlaze Saidi?"

"Analia. Askari watatusikia."

Askari hawakuwepo. Kulikuwa na nyuki tu na harufu ya majani mabichi. Nikaona bibi kamchoka mdogo wangu. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaolewa, ndipo mama aliponiambia: wakati wa vita ya Mjerumani, bibi alimwacha mwanawe mchanga kwenye jiwe lile lile, analia, ili wenzake aliokimbia nao wapone.

Siku ile sikuyajua hayo; nikakaza kanga niliyombebea Saidi. "Simwachi, Bibi."

"We mtoto! Unajifanya una moyo kunishinda mimi?"

Kilio cha Saidi kiligonga mlima kikarudi, nami nikadhani kuna mtoto mwingine kule juu anamjibu. Bibi naye alikuwa ameelekeza sikio huko huko. Kisha akanyoosha mkono, akashika fundo la kanga yangu, lakini hakulifungua.

"Simwachi, Bibi."