Herufi Kumi na Tano kutoka Kisiwani

Saa moja na dakika arobaini asubuhi. Mvua ya Bukoba inapiga bati, chai ya Kokugonza Rutaihwa inapoa mezani, na mwenyewe hataki kusemeshwa. Macho yake yako kwenye kioo cha kompyuta, kwenye mstari mmoja kati ya mistari 318.

"Subiri kidogo, waitu," anamwambia mwandishi, kwa lile neno la heshima la Kihaya. "Leo si siku ya kawaida."

Kila mstari ni kompyuta moja iliyo mbali: shule za Rubafu, vyama vya kahawa vya Izigo, zahanati za vijijini na za visiwani. Kompyuta ikiwashwa huko, taa ndogo ya kijani inawaka hapa kando ya jina lake. Anayeleta habari hiyo ni programu ndogo iliyojificha ndani ya kila kompyuta. Ofisini kwao wanaiita wakala.

Jina hilo limeshamponza. Jirani yake, Mama Anatolia, aliposikia kwamba Koku anasimamia mawakala zaidi ya mia tatu, alimfuata na simu mkononi akitaka kutoa elfu ishirini.

"Nikamwambia mawakala wangu hawana pesa," anasema. "Akaondoka amenuna. Mpaka leo anajua nina roho mbaya."

Kokugonza ana miaka 36, na kazi hii anaifanya mwaka wa nane sasa. Mfumo endeshi mpya wa kompyuta unapotoka, wakala wa zamani hauelewi. Ni kama mwenye nyumba amebadilisha kitasa, mpangaji akabaki nje na ufunguo wake. Mtumiaji haoni tatizo lolote, lakini ofisini taa inazimika na kinga dhidi ya virusi haifiki tena.

Kwa hiyo kila mfumo mpya anaujaribu kwanza kwenye kompyuta nne za ofisini, ndipo awatume mawakala wapya. Mwaka juzi aliharakisha, taa 23 zikazimika kwa mpigo. Alizunguka wiki mbili na flashi mfukoni, kijiji kwa kijiji, akizirudisha moja moja.

Mstari anaoukodolea macho leo ni wa zahanati moja katika visiwa vya Muleba. Tabibu wa zahanati hiyo ni Aroni Byabato, mume wake.

Aroni alipangiwa huko miaka mitatu iliyopita. Ameandika barua nne za kuomba uhamisho. Mara ya mwisho alikuja nyumbani Pasaka, akakaa siku tano. Simu kisiwani inashika juu ya kilima tu, na kilima chenyewe anakipanda Jumapili jioni, wagonjwa wakimruhusu. Zahanati ina intaneti ya setilaiti, ila ni ya kazi, na mitandao ya kuchati imefungwa.

"Na aliyeifunga ni mimi," Koku anacheka. "Kwa mkono wangu huu!"

Lakini mwaka jana, asubuhi moja, kompyuta iliyoitwa KISIWANI-01 ilijitokeza kwa jina jingine: WAKOLA-WAITU. Wakola kwa Kihaya ni asante. Aroni alikuwa amemsikia mkewe akizungumzia mawakala mpaka akachoka, akaamua kumtania. Aligundua kwamba jina la kompyuta halijafungwa, na kwamba wakala atalifikisha Bukoba.

Jina haliruhusu nafasi wala zaidi ya herufi kumi na tano, na halishiki mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa tena. Basi Aroni anaandika jioni akifunga zahanati, Koku anasoma asubuhi. MVUA-KUBWA-HUKU. MAPACHA-WAZIMA. NIMEKULA-SENENE. Binti yao Joanitha, wa miaka sita, hafungui mlango jioni kabla hajauliza baba ameandika nini.

Bosi wake, Mutembei, alidhani ni virusi. "Kompyuta inajibadilisha jina kila siku, nikasema hii imerogwa," anasimulia. Koku ilibidi aungame.

Sasa kompyuta ya kisiwani ndiyo ya mwisho kuhamia mfumo mpya, na wakala mpya anafunga majina. Jina litakalokutwa leo ndilo litakalobaki.

Je, hawezi kuiruka hiyo moja?

"Naweza. Kitufe kipo," anajibu, na sauti inashuka. "Lakini mle ndani mna majina ya wajawazito, mna chanjo za watoto. Siwezi kuacha siri za watu wazi eti kwa sababu nimemmisi mume wangu. Na nimemmisi, usifikiri! Usiku natandika kitanda pande zote mbili."

Jumapili alimwambia Aroni kwa simu kwamba Jumatano ni mwisho, aandike kitu cha maana. Aroni akalalamika kutoka kilimani: "Herufi kumi na tano, mke wangu? Hata dawa ya kikohozi ina jina refu kuliko hapo!"

Saa mbili inapita. Taa haijawaka. Koku anafuta kioo ambacho hakina vumbi. Mwandishi naye anajikuta anaiombea taa.

Saa mbili na dakika ishirini, kijani. Jina linajitokeza: BADO-NIPO-KOKU.

Koku anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, anasoma mara ya pili, kisha anabonyeza kitufe. Mstari unahesabu asilimia taratibu. Inapotimia mia, wakala mpya anaripoti kutoka kisiwani kwamba yuko salama, na jina limefungwa.

Mutembei anachungulia mlangoni. Ripoti ya mwezi inataka jina rasmi, na sasa mwenye uwezo wa kulirudisha ni Koku peke yake.

"Nitalirudisha, bosi," anasema bila kugeuka. "Siku Aroni akihamishiwa nchi kavu. Hata Izigo, hata wapi. Atakaa kwenye kile kiti pale, anione nikilifuta."

Barua ya tano imeondoka wiki iliyopita.

Kesho yake asubuhi mwandishi anampigia simu kuuliza kama taa imewaka.

"Imewaka mapema leo," anajibu.

Na imeandikwa nini?

"Yale yale," anasema Koku. "Lakini nimeyasoma."