Kuku wa Baba Mkwe

Baba wa msichana niliyemtaka alikataa kupokea hata mbuzi mmoja kutoka kwangu kabla hajala nyumbani mwangu. Alikuwa na sababu. Niliacha shule ya mapadri nikiwa darasa la tatu, nikabeba mizigo ya mpima barabara, nikapakia pamba mashuani, nikalala Nyangwe, Kabambare, Kindu, popote palipokuwa na jambo sijaliona. Mtu wa namna hiyo, alisema mzee, hakosi mke mahali. Na majirani zangu wa Kasongo walimsaidia kusema.

Nilikuwa na kitabu cha mapishi cha Kifaransa, kimepoteza jalada, nilichopewa na mama mmoja wa Kizungu niliyemwoshea vyombo mpaka aliporudi Ulaya. Nilikisoma neno kwa neno, kwa bidii ambayo katekisimu haikuiona. Nikaamua kwamba kila kitakachoingia kinywani mwa mzee siku hiyo kitoke humo: supu ya vitunguu, kuku aliyejazwa mkate tumboni, viazi ulaya vilivyokuja na lori kutoka Kivu, mayai ya kupikwa na maziwa na sukari. Aone kwamba kuzurura kwangu kuliniletea kitu.

Walifika watatu, Jumapili mchana: mzee, dada yake, na msichana mwenyewe, aliyembebea shangazi yake mkeka. Nilionja supu mbele yao, kama inavyompasa mwenyeji. Mzee akanitazama nikimeza, akasubiri kidogo, ndipo akashika kijiko.

"Nani alipika?" shangazi aliuliza.

"Mimi, mama."

"Wewe peke yako? Hakuna mwanamuke nyuma ya nyumba?"

"Kuna mbuzi wa jirani."

Hakucheka. Aliinuka, akaenda kuangalia nyuma ya nyumba, akarudi akaketi.

Nikaleta kuku, mzima, amelala chali kama kwenye picha. Mzee akampasua kwa mikono, akaweka mapaja upande mmoja, shingo upande mwingine, kisha akaanza kutafuta. Kwetu kuku wa mkwe hukaguliwa. Vipande vyote viwepo, na firigisi ni ya baba wa msichana. Akiikosa, amekula kuku wa mtu mwingine. Hilo nililijua tangu utotoni. Lakini kitabu kilisema vya tumboni vitolewe, nami nikavitoa, nikamtupia mbwa. Nilikitii kitabu kama askari.

"Firigisi iko wapi?"

Nilimsogezea sahani ya viazi.

"Firigisi ni moja tu," alisema polepole. "Kama umeipeleka kwa mukwe mwingine, sema. Iko Kindu? Iko Wamaza?"

"Baba, kitabu kinasema..."

"Kitabu hakina binti wa kuoza."

Alikuwa ameanza kunawa mikono. Mzee akinawa kabla hajala nyama, mambo yamekwisha. Hapo msichana akachukua kitabu juu ya kigoda. Nilijua alisoma kwa masista, ila sikuwahi kumwona akisoma. Alifungua ukurasa wenye madoa ya mafuta, akasoma mstari mmoja wa Kifaransa, kisha akamwambia baba yake, "Inasema firigisi na maini vikatwe vidogo sana, vichanganywe na mkate, virudishwe tumboni."

Nilitazama miguu yangu.

Shangazi alichota mkate tumboni mwa kuku, akatafuna akiwa amenikazia macho. Alitafuna muda mrefu kwa kitu laini vile.

"Iko," alisema. "Wazungu ni watu wa kuficha."

Mzee akavuta sahani, akala mkate wote bila kumgawia mtu. Hakusema ni mtamu. Wakati wa kuondoka alisema nilete mbuzi, na kwamba siku hiyo kuku atapikwa kwake.

Walipokwenda niliusoma ule ukurasa mara tatu. Firigisi haikuwamo. Baada ya ndoa nilimuuliza mke wangu. "Nilisoma kilichoandikwa," alijibu huku akipepeta mchele, kwa sauti ileile ya siku ile, wala hakuinua macho.

Tumeishi vizuri. Lakini kaka yake anapotuandikia kutoka Kabambare, na mke wangu akanisomea barua, mimi huitikia tu na kushukuru. Akishakwenda shambani, naichukua nakwenda kuisoma upya mwenyewe.