Mpagazi Aliyebaki Nje ya Lango

Juzi, katika duka la kutengeneza simu mtaani Kimisagara, mama mwenye duka alikuwa akicheza mchezo wa kompyuta. Katika mchezo huo mtu hujenga mji wa vibwengo chini ya mlima na kumpa kila kibwengo kazi. Kando yangu mpagazi wa stendi ya mabasi ya Nyabugogo alisubiri simu yake, macho kwenye skrini.

"Hawa wa nguo ya kijivu, kazi yao iko gani?" akauliza.

"Hawana ufundi, baba. Wanabeba mawe tu."

"Na wakitaka kujifunza?"

"Nikimweka mmoja kwa mhunzi, atajua. Lakini mawe yatabebwa na nani?"

Ghafla zimwi likatokea bondeni. Vibwengo wote wakakimbilia ndani, isipokuwa mmoja wa kijivu aliyekuwa akipanda kilima na jiwe mgongoni. Kidole cha mama kikaelekea kitufe cha kufunga lango.

"Mama, usifunge! Mmoja iko nje!"

"Nikichelewa watakufa wote."

"Basi mwambie atupe jiwe!"

"Amri niliyompa ni kubeba."

Mpagazi alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mama akasita, akasubiri. Kibwengo akaingia na jiwe lake, lango likafungwa nyuma yake. Mpagazi akafuta jasho.

"Sasa mpeleke kwa mhunzi," akasema, na mama akampeleka.

Tulipotoka nilimuuliza yeye angependa ufundi gani.

"Unajua mzee, hilo swali hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nami nimepita Nyabugogo miaka mingi, nikiwapa wapagazi mizigo tu.