Hoteli Isiyo na Samaki

Mama yangu alikuwaga na ng'ombe mwekundu, kule kwetu Butiama, akazaa ndama na ndama akafa siku ile ile. Ng'ombe akifiwa hatoi maziwa, anabana. Baba akamchuna yule ndama, ngozi akaijaza majani makavu, akaishona na kuisimamisha kwa vijiti. Kila asubuhi inaletwa mbele ya mama yake. Analamba, analamba, maziwa yanashuka. Kazi yangu mimi ilikuwa kufukuza nzi wasiijae ile ngozi, na nilikuwa namwangalia ng'ombe machoni nikitaka kujua kama anajua.

Baba alisema, "Anajua. Ila akilamba anapata nafuu."

Mama akasema hajui, angejua angetupiga mateke wote. Wakabishana hivyo mpaka mvua ikaiozesha ngozi, na mpaka leo sijui nani alisema kweli.

Haya, sikukaa chini niandike habari za ng'ombe. Lakini ni maziwa yaliyonipeleka hotelini. Nilipokuwa msichana mkubwa, shule nimeiacha darasa la tatu, mama alinituma kila siku niyapeleke kwa mwenye hoteli ya chai pale senta. Naiita hoteli, lakini kilikuwa kibanda cha mabati na mabenchi. Kulikuwa na kijana pale, fundi baiskeli, anakunywa chai na kiazi kitamu. Akakimega kiazi, nusu akanisogezea.

"Keti ule."

Nikamwambia, "Kwetu mwanamke haketi kula na mwanaume."

"Kwenu ni kule juu. Hapa ni hoteli."

Nikaketi. Ndiye aliyenioa.

Tukahamia Musoma, Nyasho, akafungua kibanda chake cha baiskeli. Nyumbani mambo yalikuwa ya kikwetu: ugali wake napeleka uani anakula na wanaume, mimi na watoto tunakula jikoni. Sikuwahi kumwona mume wangu akitafuna nyumbani kwake mwenyewe. Ila Jumapili moja moja ananiambia, "Mama, vaa," nami najua tunaenda kula hotelini, kwa mama lishe wa karibu na ziwa, meza moja, viti viwili, macho kwa macho. Wenzake walimcheka. Mmoja alipita akasema, "Mzee, umepewa limbwata, unakula na mkeo mchana kweupe!" Yeye akajibu, "Kama ni limbwata, na wewe mwambie wako akupikie, labda utanenepa."

Tulikuwa tunaagiza sato mmoja mzima. Kichwa ananipa mimi. Kwa watu wetu kichwa ni cha mwenye nyumba, hapewi mwanamke, lakini yeye alikuwa anakivunja kwa vidole na kukiweka upande wangu bila kusema kitu. Nyumbani hakuwahi kuniambia neno tamu hata moja. Sikuwahi kulidai.

Tulizaa wasichana, na mwisho kabisa mvulana. Baiskeli hakuzipenda, alisema grisi inanuka. Akaenda Mugango kwenye mitumbwi ya dagaa. Upepo ukawakuta ndani ya ziwa, mtumbwi ukavunjika. Wenzake walirudi wameshikilia madumu. Yeye hakurudi. Watu walitembea ufukoni mpaka wakachoka, ziwa halikutoa hata shati.

Sasa nieleze jambo moja, kwa asiyejua. Sisi mtu wetu akizama asionekane, wa nyumba yake hawali samaki. Ukila samaki wa ziwa lile, unajuaje wamekula nini? Mnasubiri mpaka wazee wazike mgomba. Unakatwa mgomba wa urefu wa mtu, unafungwa sanda, unalazwa kaburini, mnalia kama mnavyolia mtu. Hapo imekwisha, mnanawa, mnakula kila kitu.

Wazee wa ukoo walikuja mapema wakiwa na panga. Mume wangu akawauliza, "Nizike mgomba? Mimi nimezaa mgomba?"

Mmoja wao akasema, "Ndugu yetu, ni desturi tu." Mume wangu akawaambia desturi haijui kuogelea lakini mwanawe alikuwa anajua. Panga likarudi nyumbani bila kukata.

Akaanza kumtafuta. Mtu akisema kuna kijana anabeba magunia kule Murangi anafanana naye, anafunga kibanda anakwenda. Anarudi amechakaa viatu. Mimi nilitaka kulia nimalize. Nilikuwa mama wa mtu asiye hai na asiye marehemu, majirani hawajui wanipe pole au wanisalimie tu. Nikimwambia tuzike, anatoka uani.

Lakini Jumapili hakuziacha, sijui kwa nini. Labda hata yeye alijua kwamba pale mezani ndipo tulipokuwa mtu na mkewe. "Mama, vaa." Tunavaa, tunaingia hoteli, na kabla hajaketi anauliza, "Mnapika samaki?" Musoma hii! Kuna mpishi alimjibu, "Mzee, hoteli isiyo na samaki? Panda basi uende Dodoma." Watu walicheka, na yeye akasimama palepale, kofia mkononi, kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Kwingine anaambiwa ipo nyama, anaomba aoneshwe kikaangio, anakinusa. Tulifukuzwa, jamani. Tukaenda mpaka Butiama, kwenye senta ile ile yetu, hoteli sasa ni ya matofali na televisheni, na jiko la kwanza nililoliona lina sangara anaelea kwenye mafuta. Tukala ndizi mbivu tumesimama barabarani.

Binti yetu mkubwa aliolewa Bunda, kwa wakulima wa pamba. Tukienda kumwona hatuli kwake, maana kwa mkwe mzazi hali, ni aibu. Kwa hiyo tulikula mjini, na huko ndiko tulikopata hoteli yetu. Mwenyewe alikuwa mama wa Kiislamu, mcheshi, kitenge chake hakikosi unga. Mume wangu alipomuuliza swali lake, akasema, "Samaki hapa sipiki, baba yangu, harufu inanifukuzia wateja wa chai. Nyama ipo, maharage yapo. Karibuni." Kikaangio kikanuswa, kikawa safi. Tukala nyama ya ng'ombe. Mara ya pili tukala. Mara ya tatu mume wangu akacheka kwa jambo alilosema yule mama, na mimi nikashika meza, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kicheko chake kina sauti gani.

Basi siku nyingine tukarudi kwake. Wazee wa ukoo walikuwa wamenitumia ujumbe kupitia kwa binti yetu: mgomba uzikwe kabla ya mvua, baba akitaka asitake, kwa sababu dada zake marehemu wanazaa na watoto wanaugua, na watu wameanza kusema. Nilimwambia pale pale hotelini, kabla chakula hakijaja. Niliona ndipo mahali anaponisikiaga.

Akanijibu polepole, "Mama, siku nitakayokula samaki, ujue nimemzika. Kabla ya siku hiyo usinitajie mgomba."

Na hakuishia kwenye "Mama", aliniita Mama na jina la mtoto yule, ambalo hapa sitaliandika.

Nyama ilikuwa imekwisha. Mwenye hoteli akatuletea ugali wa mtama na majani ya kunde yaliyoungwa karanga, anaomba radhi. Tulikuwa na njaa ya safari. Mume wangu akamega tonge, akachovya, akatafuna, akamega lingine kubwa zaidi. Hakuwa ametafuna hivyo tangu msiba ambao hakutaka uitwe msiba. Mimi nilisikia ladha fulani nyuma ya karanga, ladha niliyoijua, lakini mdomo unasahau, na nilikuwa namwangalia yeye.

Akaita, "Mama, haya majani umeyafanya nini leo? Yamekuwa matamu."

"Baba yangu, hiyo siri naiuza!" Yule mama akacheka, akaja akiwa anafuta mikono. "Basi wewe nakupa bure. Natwanga dagaa wakavu, nachekecha, unga wake nauchanganya na karanga. Anayekula anasikia utamu tu. Naletewa kutoka Mugango, wa kule hawana mchanga."

Hakuwa na kosa. Kwake yeye ule unga ulikuwa kiungo, kama chumvi. Mteja mwingine akamwita, akarudi jikoni.

Tonge lilikuwa mkononi mwa mume wangu. Akaliangalia, akalirudisha kwenye sahani pale lilipokuwa, akawa analishindilia kwa kidole liungane na ugali, kama linaweza kuwa halijamegwa.

Nikasema. Ningenyamaza ingekuwaje, sijui. Nilimwambia, "Basi mzee wangu. Tumeshakula wote wawili, hatukujua. Imekwisha. Turudi nyumbani tumzike."

Nilisema kwa huruma. Na nitasema ukweli, nilisikia na nafuu, kama mtu aliyetuliwa mtungi.

Aliniangalia, si kwa hasira. Akainuka, akavuta kiti nyuma taratibu kisipige kelele. Akaenda kwenye ndoo ya maji pale mlangoni, akanawa mkono aliolia ugali, akanawa na wa pili, akasukutua, akatema nje. Nikajua anarudi, kofia yake ilikuwa mezani. Akafuta mikono kwenye suruali. Akavuka barabara katikati ya bodaboda, hakukimbia, hakugeuka, mpaka maduka ya ng'ambo yakamficha.

Yule mama akaja akaniuliza, "Mzee amekwenda msalani?"

Nikamwambia amekwenda kunawa. Nikafunika sahani yake kwa sahani yangu, nikakaa nafukuza nzi.

Hakurudi.