Futari za Mwaka wa Mgomo

Jirani yangu hapa Boko hukaanga tambi kila alasiri ya Ramadhani, na dirisha la jiko lake linatazamana na la kwangu. Zikianza kubadilika rangi kwenye mafuta, kabla hajatia tui na sukari, harufu ya iliki inaingia kwangu bila hodi, nami mtu mzima mwenye watoto wangu naacha kila ninachofanya. Wanangu hudhani ni saumu imenikamata. Wala siyo. Huwa nimesharudi Temeke, kwenye nyumba yetu ya kupanga, nina umri wa miaka tisa hivi, kanga ya mama imenizidi urefu, nasubiri nikabidhiwe sahani niipeleke kwa majirani.

Mtaani kwetu hakuna aliyefuturu chakula cha jikoni kwake peke yake. Kabla ya adhana ya magharibi utatukuta watoto tunapishana vichochoroni, kila mmoja na sahani yake iliyofunikwa kawa, tukitembea kwa adabu ambayo mchana kutwa hatukuwa nayo. Na sahani hairudi tupu. Ukipeleka sambusa utarudi na muhogo wa nazi, ukipeleka magimbi utarudi na kaimati. Sisi wabebaji tulijua jiko la nani lina mkono mzuri na la nani lina chumvi nyingi. Ujira wetu tulijilipa wenyewe njiani, kaimati mojamoja, tukipanga upya zilizobaki ili pengo lisionekane.

Sasa niwaambie habari za baba, maana bila yeye hamtaelewa. Baba alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo, kisha chama cha wafanyakazi kikamchukua awe katibu wake wa kanda. Tangu siku hiyo mshahara wake ulitoka chamani, si kiwandani tena. Mtaa mzima ukamwita Katibu, na mama naye alimwita hivyo alipoudhika. Kazi hiyo ilimwingia baba mpaka kwenye mifupa. Akitaka chumvi mezani aliomba mwongozo. Mama alimjibu kwamba hoja yake imepita, ainuke akaifuate mwenyewe jikoni. Nilicheka kila mara, ingawa hoja na mwongozo sikujua ni vitu gani.

Mwaka huo wafanyakazi wa kiwanda kile waligoma. Walitaka vibarua wa siku nyingi wapewe ajira ya kudumu, na walitaka malipo ya saa za ziada. Mgomo ulianza mwezi wa Shaabani, na wa Ramadhani ukaandama wagomaji wakiwa bado nje ya geti. Kiwanda hakikuwalipa wasiofanya kazi, kwa hiyo nyumba nyingi za mtaa wetu ziliingia kwenye mfungo mifuko ikiwa mikavu. Kwetu mshahara ulikuja kama kawaida. Kila asubuhi baba alikwenda getini kuwaambia wenzake wakaze, na kila jioni alirudi sauti imemkauka, akakaa mbele ya futari iliyokamilika.

Mama yangu ana moyo mkubwa, na moyo huo ndio uliotuponza. Alipoona wenzake wamebanwa aliongeza mapishi. Sufuria la tambi lilikuwa kubwa kuliko mwaka mwingine wowote, sambusa za nyama zilipangwa mpaka kawa ikagoma kukaa sawa, na sahani ya kwanza kutoka ilikuwa ya Mama Shabani. Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mume wake na baba walisimama kwenye mashine za kufumia zilizopakana kwa miaka mingi, na Shabani mtoto wao ndiye niliyegombana naye na kupatana naye kila siku.

Mwanzoni sahani zilirudi na vitu vya maana. Kisha zikaanza kurudi na vipande vya muhogo wa kuchemsha bila nazi, kisha na ndizi mbivu iliyokatwa vipande vyembamba ili ionekane nyingi. Jioni moja nikapiga hodi kwa Mama Shabani na sahani ya tambi mkononi, nikasikia vijiko vinagonga bakuli humo ndani, lakini hakuna aliyeitika. Nikapiga tena. Shabani akatoa kichwa dirishani.

"Mama kasema hatupo," akaniambia.

Nikarudi nyumbani nikatoa taarifa kama nilivyopewa, kwamba hawapo, na kwamba wanakula. Mama hakucheka. Aliifunika tena ile sahani, na niliona amechomwa moyoni. Mimi nilimkasirikia Mama Shabani kwa dhati, kwa sababu tambi za mama zilikuwa tambi za kujivunia.

Kesho yake nilikuwa na mama kwenye foleni ya maji bombani, ndoo zetu zimepangwa, Mama Shabani naye akaja. Mama si mtu wa kuzunguka.

"Mwenzangu, nimekukosea nini?"

Mama Shabani aliweka ndoo yake chini. "Hujanikosea, Mama Rehema. Sahani zako zimenishinda. Juzi nimeuza doti yangu ya kanga ndiyo nikapata cha kukurudishia."

"Nani kakwambia urudishe? Si mie mwenyewe nakuletea?"

"Sasa nirudishe sahani tupu? Mie nimezaliwa wapi?" Akashusha sauti, lakini nilikuwa chini ya kiwiko cha mama na nilisikia kila neno. "Halafu nikwambie ukweli. Huko getini wanaume wanasema Katibu anagoma kwa mdomo, sie tunagoma kwa matumbo. Baba Shabani kasema Jumatatu anarudi kazini. Na akirudi yeye, wenzie watamfuata."

Hata mimi nilielewa uzito wa maneno hayo. Baba Shabani hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa mtu wa kutazamwa. Akiingia geti lile, mgomo umekwisha, na baba atabaki amesimama barabarani na hotuba yake. Tena angekuwa amempoteza rafiki.

Jioni mama alimweleza baba yote, bila kupunguza hata lile la mdomo na matumbo. Baba aliirudisha tende sahanini. Akasema atakiandikia chama kizuie mshahara wake mpaka mgomo utakapokwisha.

"Na kodi ya nyumba tutalipa na nini?" mama akauliza. "Njaa yako wewe itamshibisha nani? Ukishakosa na wewe, mtoto wa Mama Shabani akiumwa atakimbiliwa kwa nani?"

"Ninapowaambia wavumilie, nataka nijue ninawaambia nini."

"Vizuri. Wenzako uliwapigisha kura kabla ya kugoma. Mie na huyu mtoto katupigisha nani?"

Hapo alimgusa penyewe. Baba aliheshimu utaratibu kuliko alivyojiheshimu mwenyewe. Akajiweka sawa kwenye mkeka, akatuita ndugu wajumbe, akaiweka hoja mezani, akaomba wanaoiafiki wanyooshe mikono. Ukanyooka wa kwake. Akaomba wanaopinga. Mama akanyoosha, na mimi nikanyoosha haraka kuliko yeye, kwa kuwa nilikuwa nimeahidiwa gauni la Idi lenye mkanda wa kung'aa na niliona wazi linaelekea wapi. Baba akatangaza kwamba hoja imeanguka. Nakumbuka alivyosema, kwa heshima zote, kisha akainuka akaenda kuswali bila kumaliza kula. Nilimpenda sana baba dakika ile, na sikubadilisha kura yangu.

Ajabu ni kwamba aliyeshinda ndiye aliyekosa raha. Asubuhi mama alizungukazunguka jikoni, akafungua makopo na kuyafunga, mwisho akanishika mkono tukaenda kwa Mama Shabani. Safari hii alipiga hodi mikono mitupu.

"Nimekuja kuomba," alisema. "Tunataka tufuturu kwako. Leo, na mpaka haya mambo yaishe."

Mama Shabani alimtazama kana kwamba hajasikia vizuri. "Kwangu kuna uji na muhogo tu."

"Ndivyo tutakavyokula."

Nikaona pembe ya mdomo wa Mama Shabani inacheza. "Haya, karibuni. Ila mumeo asije na hotuba."

Mchana, baraza likiwa halina mtu, mama alipitisha ndoo iliyofunikwa kanga kwenye mlango wa uani wa Mama Shabani. Ndani mlikuwa na unga, maharage na muhogo. Ndivyo alivyofanya tangu siku hiyo. Mshahara wa baba ukitolewa kodi, wote uliishia kwenye ndoo ile, na kwetu jiko halikuwashwa tena kwa futari. Mahitaji yalitosha sufuria kubwa, ikabidi Mama Shabani aite na nyumba nyingine za wagomaji. Kila mmoja alileta alichojaliwa. Kuna aliyeleta nazi, kuna aliyeleta mkaa, kuna bibi mmoja aliyeleta mkeka wake tu na kuukalia yeye.

Jioni ya kwanza ilikuwa ngumu. Wanaume walikuwa wamekaa barazani, na baba alipofika wakaitikia salamu yake kwa ufupi. Akavuta pumzi, nikajua sasa anawaita ndugu wajumbe. Mama akamtupia jicho. Baba akaishusha pumzi yake na kubaki amesimama, viatu mkononi, hajui akae wapi. Niliogopa wangemwacha asimame hivyo hivyo.

Baba Shabani akasogea kidogo. "Kaa hapa, Katibu. Uji unapoa."

Basi, hayo tu. Jumatatu Baba Shabani hakwenda kazini. Mgomo ulikwisha siku chache kabla ya Idi, wakapata sehemu ya walichodai, na baadhi ya vibarua wakapewa ajira. Idi ile nilivaa gauni la mwaka uliopita, pindo limefumuliwa ili lifike magotini, na nililia asubuhi nzima. Shabani alinicheka, nikampiga.

Miaka mingi baadaye tulimzika baba. Wanawake walijaa ndani kutupa pole, na Mama Shabani, sasa bibi wa wajukuu, alikaa karibu na mama. Msichana mmoja wa mtaani, aliyehamia juzijuzi, aliuliza taratibu marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

"Alikuwa katibu wa chama," Mama Shabani akamjibu, "lakini alikuwa wetu. Mgomo mzima alifuturu kwangu."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Unga ulikuwa wa baba, maharage ya baba. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewasimulia watu jinsi wazazi wangu walivyolisha wagomaji. Mama akaniwekea mkono gotini, akaukandamiza.

"Ni kweli, dada," akasema. "Na uji wako aliusifia mpaka siku za mwisho."

Ndipo nikaelewa kwa nini ndoo ile ilipita mchana, kwa mlango wa uani. Mama alitaka Mama Shabani awe mwenyeji, na baba awe mgeni wake. Wagomaji wale hawakukosa mtu wa kuwapa chakula. Walikosa kiongozi ambaye wangeweza kumwambia akae, uji unapoa. Nikaanza kulia upya, na Mama Shabani akanivutia kifuani kwake, akiniambia ninyamaze, baba alikuwa mtu mwema.