Salamu ya Daktari

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu. Mimi ninayewakaripia ninyi kwa kuogopa sindano, juzi nilikwenda hospitali, Tukuyu, kuondolewa ukucha uliozama nyamani. Muuguzi alinidunga ganzi kidoleni. Nikafumba macho nikingoja usingizi, maana niliamini hakatwi mtu aliye macho. Nilihisi kidole kikivutwavutwa, nikadhani ninaoshwa. Ndipo daktari kijana, mgeni wa huku, aliponiinamia na Kinyakyusa chake cha kujifunza: “Ugonile, bibi?” Ndiyo salamu yetu, ingawa neno lenyewe huuliza kama umelala.

“Bado, baba! Usinikate!” nililia.

“Bibi, ninakusalimu tu. Ukucha umeshatoka.”

Nikafumbua macho. Kidole kilikuwa kimefungwa bandeji, nami nimeukumbatia mkono wake kama mtoto.